Kina Ikasema Salama

Jumatatu, 3 Machi. Darajani: sentimita 41.

Mkuu wa kituo ametuita wafanyakazi wote ofisini. Wafanyakazi wote ni yeye mwenyewe, mimi na Mzee Taipu, kwa hiyo hatukugombania viti. Akatusomea barua ya makao makuu. Kila kituo kidogo cha kupima mto kinatakiwa, kabla ya mvua hizi kwisha, kiwe na programu yake ya kompyuta inayosema lini lango la mfereji lifunguliwe. Iandikwe kwa lugha ya C, maana mashine tulizogawiwa ni kuukuu na hazibebi kitu kizito zaidi. Kituo kitakachoshindwa kitafungwa na watu wake watahamishwa. Mfanyakazi mmoja ataruhusiwa kwenda chuo cha ufundi kila Jumanne na Ijumaa asubuhi akafundishwe.

"Aende nani?" mkuu akauliza.

Mzee Taipu akatazama kucha zake. Mimi nikauliza kwa nini wasituletee programu iliyokwisha kuandikwa, kwa nini jedwali la ukutani halitoshi, na nani ameamua haya yote bila kuja kuuona mto wenyewe.

"Basi wewe mwenye maswali ndiye utakayekwenda," akasema. Mdomo wangu umeniponza tena.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Nasoma kina cha maji kwenye ubao wa darajani na ule wa bondeni, napiga simu ofisini, Mzee Taipu anaandika namba, mkuu anatazama jedwali. Darajani yakifika 180, anapigiwa mlinzi wa lango, lango linafunguliwa, king'ora kinalia, na mto unaingia mferejini badala ya kuingia mtaa wa chini. Huko chini kuna nyumba, kuna karakana ya seremala, na kuna watoto wengi.

Kituo kikifungwa nitapelekwa makao makuu, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mama anaishi nami katika nyumba ya kituo. Macho yake yamekwisha karibu kabisa, lakini ndani ya nyumba hii anajua kila ngazi na kila ndoo ilipo. Nilipomwambia habari ya barua alisema, "Safari njema, mwanangu. Mimi sihami." Namjua mama. Hatahama. Basi kituo hakitafungwa, na daftari hili ni la kunikumbusha kwamba niliamua hivyo leo.

Jumanne, 4 Machi. 41.

Mwalimu ni msichana ambaye ana umri mdogo kuliko sanduku langu la bati. Ukimwambia "imekataa", anajibu, "Mstari wa ngapi?" Ukimwambia "kompyuta yangu ni mbovu", anajibu, "Mstari wa ngapi?" Kabla ya saa nne darasa zima lilikuwa limeshampa jina la Mwalimu Mstari. Programu yangu ya kwanza imeandika HUJAMBO. Nilijisikia kama nimezaa.

Ijumaa, 7 Machi. 40.

Nusu siku nzima kwa ajili ya nukta-mkato moja niliyoisahau.

Jumanne, 11 Machi. 44. Manyunyu.

Leo nimeelewa kitu, na ninakiandika kabla hakijanitoka.

Unapoiita programu, unaandika jina lake, kisha maneno unayotaka iyafanyie kazi. Mwalimu anayaita hoja. Yangu nitaiita hivi: *kina daraja 95*. Kina ndilo jina lake, daraja ni ubao, 95 ni maji. Programu inapokea vitu viwili: hesabu ya maneno, inayoitwa argc, na maneno yenyewe yamepangwa foleni, argv.

Mwalimu akauliza, "Hapo maneno ni mangapi?"

"Mawili," nikajibu upesi.

"Matatu. Programu hujihesabu yenyewe kwanza. Jina lake liko nafasi ya sifuri."

Nikasema huo ni ubinafsi. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama, aliyeitwa ndiye wa kwanza kuulizwa. Usipojua umeitwa kwa jina gani, utaitikaje?"

Ijumaa, 14 Machi. 52.

Niliita *kina* peke yake, bila neno lolote, nione itafanyaje. Ikaanguka kifudifudi. Skrini ikatoa maneno mawili ya kigeni, ambayo mwalimu alitueleza maana yake: umenyoosha mkono kwenye kumbukumbu isiyo yako.

"Mstari wa ngapi?"

"Wa kumi na moja. Nimeomba neno la pili."

"Ulipewa neno la pili?"

"Sikupewa."

"Basi ulikwenda kuchukua nini?"

Nimeongeza mistari minne. Sasa *kina* inahesabu kwanza. Maneno yasipotimia matatu, inasema na kukoma. Sikula mchana na sikuhisi njaa.

Jumanne, 18 Machi. 57.

Jambo la ajabu: hata ukiandika 95, programu hupokea herufi, si namba. Kuna chombo kiitwacho atoi kinachogeuza. Unakipa maandishi, kinakupa namba. Mstari mmoja tu, kwisha kazi. Baada ya hapo mwalimu alieleza kasoro zake kwa muda mrefu, lakini nilikuwa nimeshaona yangu inafanya kazi, na njaa ya Ijumaa ilikuwa imenirudia.

Jumatatu, 24 Machi. 58.

Kina iko ofisini! Mkuu ameling'oa jedwali la ukutani kwa mikono yake. Ukiandika vizuri, inatoa neno moja: SALAMA, au TAHADHARI, au FUNGUA. Namba siirudishi kwenye skrini. Inaandikwa kwenye faili la kumbukumbu na haimsumbui mtu. Nimependa usafi huo.

Ukikosea hesabu ya maneno, inaandika: *Umekosea. Rudia.*

Mzee Taipu alikosea mara ya kwanza. Akasoma jibu, akavua miwani, akaifuta.

"Binti, hii mashine imelelewa na nani?"

"Na mimi, mzee."

"Inaonekana."

Akaanza kueleza jinsi barua ya ofisi inavyotakiwa kuandikwa. Kapiga taipu miaka thelathini na minane, na kila mwaka ana hadithi yake. Mimi nilikuwa na ubao wa bondeni wa kusoma. Nikamkatiza: "Mzee, usibishane na mashine. Inachosema ndicho." Akavaa miwani na kuandika tena, taratibu, kwa vidole vyote kumi, bila kutazama kibodi.

Jumamosi, 29 Machi. 71. Mvua kuanzia saa sita.

Nimekagua faili la kumbukumbu la wiki. Jumatano nilisoma 61 darajani, faili linasema 6. Leo nimesoma 71, faili linasema 7. Namba nyingine zote ni sawa. Mzee anaruka tarakimu! Nilimwambia, akasema ameandika 61 na 71. Nikamwambia mashine haina sababu ya kumsingizia. Akarudi mezani kwake. Uzee ni mzigo, lakini mzigo huo usiwekwe kichwani kwangu.

Jumanne, 1 Aprili. 78.

Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili. 86.

Mvua. Mwalimu kasifu programu yangu mbele ya watu, kisha akauliza kama nimeijaribu kwa takataka. "Mpe mtu atakayeiandikia upuuzi," akasema. Nikamjibu kwamba kituoni kwetu hakuna mpuuzi ila mimi.

Jumatatu, 7 Aprili. 92.

Mvua. Mama anasema mto umebadilisha sauti. Mimi sikusikia tofauti.

Alhamisi, 10 Aprili.

Ya jana ninaandika leo. Jana mkono haukutaka.

Saa kumi na mbili asubuhi darajani palikuwa 96. Saa mbili, 139. Nikapiga simu, Mzee Taipu akaitika, "Nimeandika." Mkuu alikuwa ameitwa mjini kwenye mkutano, lakini hilo halikunitisha, maana Kina ipo. Saa tatu kasorobo maji yalifika 184. Nilisoma mara mbili, mvua ikinipiga usoni. Nikapiga simu, nikapaza sauti, "Mia na themanini na nne!" Akasema, "Mia na themanini na nne. Nimeandika."

Nikasubiri king'ora.

Kila mwaka husikika kabla sijakunja mwavuli. Jana sikusikia kitu. Nikajiambia ni upepo. Saa tatu na dakika tano maji yalikuwa 191 na magogo yalikuwa yanagonga nguzo za daraja. Nikapiga tena.

"Mzee, mlinzi vipi?"

"Mashine inasema salama, binti."

"Salama nini? Umeandika ngapi?"

"Ulichoniambia."

"Mpigie mlinzi! Sasa hivi, mpigie!"

Nilikimbia nikiwa nimeshika kiatu kimoja, cha pili kilibaki topeni. King'ora kililia nikiwa nusu ya njia, na nilipofika kwenye kona ya karakana maji yalikuwa yameshatangulia. Nyumba tisa zimeingiwa na maji hadi magotini. Hakuna aliyekufa, naandika tena kwa sababu nahitaji kulisoma: hakuna aliyekufa. Mke wa seremala aliteleza akimbeba mtoto, mkono wake umevunjika. Mbao za seremala, zile alizokuwa akizikausha tangu mwaka jana, zilielea barabarani. Yeye alikuwa amesimama katikati ya maji akizikamata moja moja. Seremala huyo ndiye aliyenichongea mbao zangu zote mbili za kupimia. Aliniona. Akageuka kushika ubao mwingine.

Ofisini Mzee Taipu alikuwa amekaa vilevile mbele ya skrini. Nikatazama. Imeandikwa *kina daraja 184*, na chini yake, SALAMA. Ninaiona kwa macho yangu: mia na themanini na nne, salama. Nikafungua faili: 0. Nikaketi, nikaandika mimi mwenyewe *kina daraja 184*. Ikajibu FUNGUA.

"Uliandika nini, mzee?"

"Nilijua ni mengi," akasema. "Nilijua. Lakini uliniambia nisibishane nayo."

Ijumaa, 11 Aprili. 148, yanashuka.

Sikwenda chuoni. Mkuu amerudi na ameandika taarifa: programu imepimwa na haina kosa, kosa ni la mwandishi, mzee wa miaka mingi, inapendekezwa apumzishwe mara moja. Akanipa nitie saini kwamba nimeipima. Ni kweli niliipima. Nilitia saini.

Mzee Taipu alifunga droo zake, akachukua kikombe chake, akatuaga mmoja mmoja kwa heshima zote. Mama aliponiuliza jioni mbona sili, nikamwambia nimechoka.

Jumamosi, 12 Aprili. 120.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Taipu. Sijui nilifuata nini. Nadhani nilitaka akiri, ili nilale.

Nilibisha hodi, akanikaribisha kama mgeni wa heshima. Ana chumba kimoja chenye meza ya kulia na meza ya taipureta, na ile ya taipureta ndiyo nzuri zaidi. Alikuwa anapiga barua ya kujieleza. Nikamwomba niione. Tarehe ilikuwa imeandikwa ya leo, tarehe kumi na mbili, safi kabisa. Akasema amesahau nukta, akaketi kurekebisha, nami nikasimama nyuma yake nikitazama vidole.

Safu ya juu ya kibodi ilianza na 2. Kisha 3, 4, hadi 9.

"Mzee," nikasema, "namba moja iko wapi?"

"Haipo."

"Imeng'oka?"

"Haikuwekwa. Mashine za zamani nyingi ziko hivyo, kupunguza vyuma. Tulifundishwa kutumia ele ndogo, herufi l. Kwenye karatasi huwezi kuzitofautisha." Akagonga ele mara moja, kwa kidole chake cha pete, nayo ikatoka moja nzuri, imesimama wima. "Miaka thelathini na minane."

Nikaiona 6 iliyokuwa 61. Nikaiona 7 iliyokuwa 71. Atoi inasoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokijua, halafu inaacha kimyakimya. Na kikiwa mwanzoni, kama mwanzoni mwa mia na themanini na nne, inatoa sifuri. Hainung'uniki. Hiyo ndiyo kasoro ambayo mwalimu alieleza nikiwa nawaza chakula.

Mzee hakuruka tarakimu hata moja. Alipiga kila nilichomwambia, kama alivyofundishwa, bila kutazama chini. Mimi ndiye niliyemsingizia uzee, na nikatia saini.

Sikumwambia. Nilimuaga, nikarudi nyumbani, nikamweleza mama. Nilitaka aseme ninyamaze. Kwani ni nani aliyejua? Ningemwonyesha mzee kitufe cha moja, ningemwombea arudi, kituo kingebaki na nyumba ingebaki. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akichambua mchele kwa vidole, maana macho hayamsaidii tena.

"Mficha uchi hazai," akasema.

"Mama, wakitufunga itabidi uhame."

"Nimekwambia sihami. Hilo ni langu. Wewe shughulikia lako."

Jumatatu, 14 Aprili. 104.

Nimeandika taarifa mpya. Mwisho wake panatakiwa orodha ya waliohusika. Nikaihesabu kama Kina inavyohesabu. Nafasi ya sifuri niliandika cheo changu mwenyewe: msoma kipimo, mwandishi wa programu, aliyeonywa na hakusikiliza, aliyekataza mtu kuuliza. Baada ya hapo sikuona wa kumwandika.

Mkuu akasoma. Akanitazama.

"Dada, unajua nikiipeleka hii watatufunga?"

"Najua wanaweza."

"Na saini yako ya Ijumaa?"

"Nimeieleza humo. Nilitia saini nilichokipima kwa vidole vyangu tu."

Alizunguka ofisi mara tatu. Nimemwona siku zote kuwa mtu wa kukimbilia uvungu wa meza, na leo nilisubiri akimbilie. Akachukua kalamu, akaandika chini ya jina langu kwa mkono: mkuu wa kituo, aliyeng'oa jedwali kabla ya kuhakikisha. "Nilikuwa na haraka ya kuonekana wa kisasa," akasema, akapiga muhuri. Kisha akaniambia nikamrudishe mzee.

Kabla ya hapo nilipita karakana. Seremala alikuwa anapanga mbao zilizopinda. Nilimweleza yote, sikujitetea. Alisikiliza, randa mkononi.

"Mke wangu hawezi kusonga ugali wala kumwogesha mtoto," akasema. "Unataka nikwambie si kitu?"

"Hapana."

"Vizuri. Maana ni kitu."

Akaendelea kupiga randa.

Jumanne, 15 Aprili. 99.

"Imekataa?" mwalimu akauliza aliponiona.

"Haikukataa. Ndiyo shida yake."

Nikamweleza. Mara hii hakuuliza mstari wa ngapi. Nikamwambia mwenyewe: wa ishirini na mbili. Alikaa karibu yangu akanionyesha chombo kingine, strtol, ambacho kikigeuza maandishi kinakuachia alama pale kilipoishia kusoma. Ukitazama alama hiyo na ukakuta bado kuna herufi zimebaki, ujue kuna kitu hakikueleweka. Ukikuta hakikusoma hata moja, vilevile. Hapo unaacha, unasema, hutoi jibu.

Nikauliza kama niiambie programu ikiona ele ifanye ni moja, kumrahisishia mzee.

"Leo ele. Kesho atakuja mwingine na O. Utabahatisha mpaka lini?"

Nilimpelekea mzee swali lilelile nilipokwenda kumwomba msamaha. Msamaha alinipa upesi, akaniletea na chai. Kwenye swali ndipo alipokasirika.

"Binti, usinionee huruma kwenye mto. Nikikosea inikatae."

Jumanne, 22 Aprili. 88.

Wiki nzima ya kuandika na kufuta. Mkuu amelirudisha jedwali ukutani kwa gundi. Nimekasirikia vidole vyangu, mvua, na aliyevumbua mabano. Lakini inakwenda.

Jumamosi, 26 Aprili. 93.

Leo ilikuwa siku ya takataka. Mkuu aliandika *kina daraja tisini*. Ikakataa. Mama aliletwa mbele ya kibodi, akaipapasa kama anachagua nyanya, akabonyeza vitu kumi na viwili kwa mpigo. Ikakataa. "Ina adabu kuliko wewe," akasema. Mzee Taipu ndiye hatari. Aliandika 95 ikifuatiwa na sentimita, akaandika kina cha chini ya sifuri, akaandika elfu tisa, akaweka ubao mahali pa namba na namba mahali pa ubao. Elfu tisa ilipita! Kwa elfu tisa mto ungekuwa umefunika mji mzima. Nimeweka mpaka.

Kisha akaomba aione ile *Umekosea. Rudia.*

"Barua nzuri," akasema, "humwambia mtu mambo matatu. Umepokea nini kutoka kwake, unataka afanye nini, na umefanya nini hadi sasa. Matusi hayamo." Akavuta karatasi, akaandika, nami nikanakili neno kwa neno:

*Sijaelewa "l84". Neno la mwisho liwe tarakimu tupu, mfano: kina daraja 95. Sijatoa uamuzi wowote. Tafadhali andika tena, au tazama jedwali la ukutani.*

Neno lililokosewa linarudishwa kama lilivyoandikwa. Na likikubaliwa, namba niliyoielewa inatangulia kwenye skrini kabla ya uamuzi, ili mtu aone tumesikilizana. Miaka thelathini na minane ya hadithi, nami nilikuwa namkatiza.

Jumanne, 6 Mei. 110.

Mvua imerudi. Mara nne leo Kina imemkatalia mzee ele yake. Kila mara anasema "Ahsante" kwa sauti.

Ijumaa, 16 Mei. 127.

Makao makuu wamejibu. Wamepokea taarifa. Mkaguzi atakuja Alhamisi kuamua. Hakuna neno la ziada, hata salamu. Mzee akasema barua hiyo imepigwa vibaya, pambizo ya kushoto imepinda.

Alhamisi, 22 Mei.

Mkaguzi alifika saa mbili na mvua kubwa, suruali imelowa hadi magotini. Mwanamume wa maneno machache. Alikuwa na taarifa zetu zote mbili mkononi, ya Ijumaa ile na ya Jumatatu, na akaziweka mezani bega kwa bega. Mimi nikaenda darajani. Mambo haya ya ofisini nimeyapata kwa mkuu, anayeyasimulia mpaka sasa.

Saa tatu na robo nilisoma 181, nikapiga simu. Mzee aliketi wima, vidole kumi, bila kutazama chini, na mkaguzi amemsimamia mgongoni. Akapiga. Kina ikajibu kwamba haijaelewa.

Mkaguzi akasema, "Ndiye huyuhuyu. Amekosea tena."

"Nimekosea," Mzee Taipu akamjibu, bila kugeuka. "Vidole hivi ni vya zamani. Siku ile nilikosea hivihivi nayo ikanyamaza. Leo imesema." Akaiangalia kibodi, akainua kidole cha shahada, akabonyeza moja, nane, moja.

*Darajani 181. FUNGUA.*

Mimi nilikuwa bado nimeshika mwavuli wazi. King'ora kililia kabla sijaukunja. Nikabaki palepale darajani nikilia kama mtoto, na mvua ikanisitiri.

Niliporudi nilipita mtaa wa chini kwa makusudi. Barabara ilikuwa na tope la mvua tu. Seremala alikuwa amepandisha mbao zake juu ya mafiga ya matofali, na mkewe amekaa mlangoni, mkono umefungwa. Alinipungia ule mzima.

Ijumaa, 30 Mei. 83.

Barua imekuja. Kituo kinabaki. Mkuu amepewa onyo, mimi nimepewa onyo na amri ya kuvipelekea vituo vingine Kina waisome. Nilimsomea mama. Akasema, "Nilikwambia sihami," kana kwamba yeye ndiye aliyeandika barua.

Mchana seremala alikuja ofisini amebeba kitu kirefu kilichofungwa gunia. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile ya randa. Akakiegemeza ukutani, akafungua kamba. Ulikuwa ubao mpya wa darajani, wa mbao zilizonusurika, tarakimu zimechongwa ndani na kupakwa rangi nyeusi. Kila tarakimu ya moja aliichonga na kofia juu na kisigino chini, nene, ya kushikika.

"Ile ya zamani ilikuwa kijiti tu," akasema, akinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. "Hii hata gizani hutaikosea."

Nilimshukuru. Mzee Taipu alitoka nyuma ya meza yake, akainama mbele ya ubao, akapitisha kidole cha pete juu ya moja, kutoka kofia hadi kisigino.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akaiambia.